Wazee Kumi na Wawili Kabla ya Magharibi

Mwaka ule Ramadhani iliangukia Novemba, na jua la London mwezi wa Novemba huja kusalimia tu, halikai. Saa kumi na dakika chache za jioni limeshazama. Jamaa zangu wa Mombasa wakinipigia simu walikuwa wakinicheka: nyinyi huko mwafunga, au mwachelewa tu kula chakula cha mchana? Sikuwabishia. Njaa haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba nilifanya kazi karibu na Euston, nyumba yetu ilikuwa Walthamstow, na ilinibidi kila siku niwe nimefika kabla ya adhana ya magharibi, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi shangazi yangu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alikuja Uingereza mwanzoni mwa miaka ya tisini akafanya kazi katika nyumba za kulelea wazee, kuwaogesha, kuwalisha na kuwapa dawa. Mimi alinileta nikiwa na miaka kumi na tano, baada ya mama kufariki. Alinisomesha kwa magoti yake, nasema hivyo kwa sababu magoti ndiyo yaliyolipia: kila mzee aliyemnyanyua kitandani aliondoka na kipande cha goti la shangazi. Sasa alikuwa amestaafu, na tiketi ya kurudi Mombasa moja kwa moja ilikuwa ndani ya mkoba wake, siku tano baada ya Idi.

Usiku wa kuandama mwezi aliniita jikoni.

"Sitaki makubwa kwako," aliniambia. "Mwezi huu mmoja, ufuturu na mimi. Kila siku. Usije ukaniletea mambo ya ofisini."

"Kila siku, Shangazi."

"Umesema wewe. Mie sikukulazimisha."

Sasa niyaeleze hayo mambo ya ofisini, maana ndiyo yaliyonipeleka mbio mwezi mzima.

Tulikuwa watu saba tukiandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Programu yenyewe ilitengeneza orodha za dawa kwa nyumba za wazee: nani apewe nini, chumba gani, asubuhi au jioni. Ndiyo, kazi ileile ya shangazi, ila mimi niliifanya nimekaa kwenye kiti cha ofisini chenye mto. Na kwa kuwa hatukuweza kujaribu programu kwa wazee wa kweli, tuliandika majaribio madogo madogo, zaidi ya mia saba, kila moja likiuliza swali moja tu. Mzee akiongezewa dawa, inaonekana kwenye orodha? Akihamishwa chumba, jina lake linahama naye? Majaribio yote yakifaulu, mstari kwenye kompyuta unakuwa wa kijani. Likianguka hata moja, mstari wote unakuwa mwekundu.

Kwa ajili ya majaribio hayo tulikuwa na wazee kumi na wawili wa bandia. Tuliwatunga wenyewe, tukawapa vyumba, maradhi na vidonge. Mzee wa chumba cha nne alikuwa na kisukari na ubishi. Ubishi niliuongeza mimi, haukuwa na kazi yoyote katika programu. Na kabla ya kila jaribio, kompyuta ilifuta kila kitu na kuwaumba upya wazee wote kumi na wawili, na vyumba vyao, na dawa zao, ili jaribio liwakute kama siku ya kwanza. Hayo ndiyo maandalizi. Yalichukua sekunde nne. Sekunde nne si kitu, lakini ukizifanya mara mia saba na zaidi, umemaliza karibu saa nzima.

Na ofisini kulikuwa na sheria moja, ya kiongozi wetu, Mwingereza mrefu mpole aliyekunywa chai baridi kwa sababu alisahau kila mara kuinywa ikiwa moto. Ukiingiza kazi yako kwenye mashine kuu, ile inayoendesha majaribio yote, huondoki mpaka uone kijani. Sheria nzuri, siikatai. Lakini mashine ilikuwa moja, sisi saba, na kila mmoja saa nzima. Nilikuwa naingia kazini saa moja asubuhi, giza totoro, ili nitoke saa tisa. Saa tisa inafika, foleni ya mashine haijanifikia.

Wiki ya kwanza nilishindwa mara mbili. Mara ya pili magharibi ilinikuta kituo cha treni cha Seven Sisters, nimesimama katikati ya watu na magazeti yao, nikafungua kwa tende niliyokuwa nayo mfukoni, yenye pamba za koti. Nilipofika nyumbani shangazi hakunigombeza. Alinipakulia mbaazi, akakaa upande wa pili wa meza akizungusha pete yake. Afadhali angenigombeza.

Kesho yake niliifungua ile sehemu ya maandalizi nikaisoma kama mtu anayetafuta mwizi. Mwizi nikamwona. Kwa nini tuwaumbe wazee mara mia saba? Tuwaumbe mara moja, mwanzo kabisa, kabla ya kundi zima la majaribio, halafu kila jaribio liwakute palepale. Java ilikuwa na njia yake: unayafunga majaribio yote ndani ya kifurushi kimoja, na maandalizi unayaweka mlangoni mwa kifurushi, yafanyike mara moja tu majaribio yanapoingia. Ilinichukua asubuhi moja. Nikaendesha. Dakika sita! Na mstari wa kijani.

Kiongozi wetu alikuja na kikombe chake cha chai baridi, akatazama, akatazama tena.

"Umeangalia kama majaribio hayachafuliani?" aliniuliza.

"Nimeangalia," nikasema.

Kuangalia kwenyewe kulikuwa kuona kijani. Jicho moja lilikuwa kwenye kijani na la pili kwenye saa ya ukutani. Wenzangu walinipigia makofi, mmoja akasema nimewarudishia maisha yao, nami nikavimba kichwa. Saa tisa na robo nilikuwa nimeshavaa koti.

Zikaja wiki mbili ambazo mpaka leo nikizikumbuka nasikia raha mwilini. Nilikuwa nikifika magharibi bado dakika kumi, wakati mwingine kumi na tano, na moshi wa sambusa unanipokea ngazini. Shangazi alikuwa na saa ya plastiki ya kuadhini, ya rangi ya kijani kibichi, aliyoinunua Edgware Road pamoja na katoni ya tende, na hakuiamini hata kidogo. Ikiadhini, alichungulia dirishani kulitazama anga la Walthamstow, anga ambalo halijawahi kumwonyesha mtu chochote, ndipo aseme bismillahi. Tende, maji, kisha uji, kisha kaimati, kisha viazi vya nazi. Tui la kopo alilitukana kila siku na kulitia kila siku.

"Hili si tui," alikuwa akisema. "Hili ni rangi ya ukuta."

"Mbona wala, Shangazi?"

"Ntafanyaje? Wewe utanikunia nazi, na mikono hiyo ya kompyuta?"

Nilimcheka, naye alinicheka. Nilimcheka zaidi kwa mambo ya udhu. Shangazi alichukua udhu kabla ya kila sala, hata kama ule wa mwanzo haujatenguka, na bafu letu lilikuwa baridi kuliko nje. Mimi kijana mwenye haraka zangu niliuchukua adhuhuri kazini, nikaulinda, nikaja nao mpaka magharibi.

"Udhu wangu ninao," nilikuwa nikimwambia, nikimwona anakunja suruali yake ya sufu aoshe miguu ile yenye magoti mabovu.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Haya. Mie sina hakika ya watu wa treni waliokulalia begani." Na bomba likafunguliwa.

Ilikuwa Jumanne, siku ya ishirini na tano ya mfungo, nilipojipalia makaa mwenyewe. Programu ilikuwa ipelekwe Jumatatu ijayo kwenye nyumba tatu za wazee, za kweli, wazee wa kweli. Kazi yangu nilikuwa nimeiingiza, zile dakika sita zinakwenda, na kwa kukosa la kufanya nikachagua jaribio moja katika yale mia saba nikaliendesha peke yake kwenye kompyuta yangu. Lilikuwa linauliza hivi: mzee wa chumba cha nne akihamishiwa chumba cha tisa, dawa yake ya jioni inabaki kwenye orodha?

Nyekundu.

Nikadhani nimebonyeza vibaya. Nikarudia. Nyekundu. Nikageuka kuitazama mashine kuu, ambako jaribio hilohilo linakwenda pamoja na wenzake: kijani kizuri, kama mchicha.

Ilinichukua nusu saa kuelewa. Kosa lilikuwapo kwenye programu, na lilikuwa langu, nililifanya siku kumi nyuma nilipokuwa nikitengeneza sehemu ya kuhamisha vyumba. Mzee akihama, dawa yake ya jioni ilidondoka kwenye orodha. Lakini kabla ya jaribio hilo lilikuwa linatangulia jaribio jingine, ambalo kazi yake ni kumwongezea mzee huyohuyo dawa hiyohiyo. Zamani, wazee walipokuwa wakiumbwa upya kila mara, dawa hiyo ingefutwa baina ya jaribio na jaribio. Sasa haikufutwa. Jaribio langu lilikuja, likakuta dawa iliyoachwa na mwenzake, likasema hii hapa, haijapotea. Mimi ndiye niliyewafungulia mlango wakaachiana uchafu. Na kama moja limedanganya, nani ajuaye mangapi mengine?

Hakuna aliyeona. Hilo ndilo wazo la kwanza lililonijia, naliandika kama lilivyokuja. La pili lilikuwa hesabu ya siku. Nikisema, maandalizi yatarudishwa kama yalivyokuwa, saa nzima kila mtu, na juu yake tutayakagua majaribio mia saba moja moja kabla ya Jumatatu. Futari na shangazi zimebaki nne au tano. Nisiposema, kosa hili moja ninaweza kulirekebisha kimyakimya kesho asubuhi, na hayo mengine nisiyoyajua, Mungu mkubwa.

Nikavaa koti nikaenda nyumbani. Nilijitia hamnazo kwa muda wa vituo vyote kutoka Euston mpaka Walthamstow.

Ile saa ya kijani kibichi ikaadhini, shangazi akachungulia dirishani, tukafungua. Nilikula tende moja nikaishia hapo.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Nikamweleza. Kompyuta hakuzijua, lakini wazee aliwajua, kwa hiyo nilimweleza kwa wazee. Nikamwambia tulikuwa na wazee kumi na wawili wa kujaribia, tukiwaandaa upya kila mara, mimi nikaona nichukue njia ya mkato niwaandae mara moja tu, na sasa karatasi ya jioni inaweza kutoka bila dawa ya mtu na sisi tukaambiwa yote ni sawa.

Hakucheka. Aliisukuma sahani yake pembeni.

"Unajua karatasi ya jioni inasomwaje?" alisema. "Mimi nimeingia shifti saa mbili, nimechoka, wenzangu wawili hawakuja. Naisoma karatasi. Yaliyoandikwa natoa. Yasiyoandikwa sitoi, ndiyo sheria, nikitoa nafukuzwa. Na huyo mzee hawezi kuniambia, ameshasahau hata jina la mkewe. Ananitazama tu."

Nilikuwa nikiizungusha kokwa ya tende kwenye sahani.

"Umewaswalisha watu bila udhu," shangazi alisema. "Na wewe wajua kwamba huna. Wao ndio hawajui."

"Nikiwaambia, Shangazi, sitawahi kufuturu nawe tena. Siku zote zilizobaki."

Aliichukua kaimati moja, akaitazama, akairudisha kwenye bakuli. Nilikuwa nikimwomba aseme ngoja mpaka Idi. Namjua shangazi yangu, nilijua hatasema, na bado nilikuwa nikimwomba.

"Basi usiwahi," alisema. "Mficha uchi hazai. Kesho uwaambie, na usiwaambie nusu."

Nikawaambia. Sikungoja hata kuvua koti. Nilisimama mbele ya meza ya kiongozi wetu nikamwonyesha jaribio likiwa peke yake, jekundu, na likiwa kwenye kundi, kijani. Nikamwambia pia kwamba nililijua tangu jana mchana nikaenda nyumbani nalo. Kile kipande ndicho kilichonitoa jasho.

Aliweka kikombe chini. "Mimi ningekaa nalo siku mbili," alisema, kisha akainuka akaandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba hakuna anayeingiza kitu kipya mpaka tujue tumesimama wapi. Hakunifokea. Yule aliyekuwa amesema nimewarudishia maisha yao ndiye aliyenuna, na nilimsamehe, kwa sababu na yeye alikuwa na watoto wa kuwahi.

Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Tuliyarudisha maandalizi ya kila jaribio tukayaona mekundu tisa yaliyokuwa yamejificha, manane yakiwa ya majaribio yaliyoandikwa vibaya na moja, lile langu, la programu yenyewe. Tukalirekebisha. Kisha tukaifanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya tangu mwanzo kama nisingekuwa naikimbiza saa. Nyumba, yaani vyumba na vitanda na orodha ya madawa, mambo yasiyoguswa na jaribio lolote, tuliyajenga mara moja mwanzoni mwa kundi zima. Lakini wazee wenyewe na vidonge vyao, jaribio likimaliza nao, kila lilichowafanyia kinafutwa, na jaribio linalofuata linawakuta safi. Ni jambo rahisi ukilisema. Kulitenga hili na lile katika majaribio mia saba kulitula siku nne.

Futari zote nne nilifungua pale ofisini. Yule kiongozi wetu alikuwa ameuliza jua linazama saa ngapi, akaiandika ubaoni, na kila siku ikifika aligonga meza kwa kalamu. Mtu mzuri yule. Alininunulia na sandwichi ya jibini, nikaila, ingawa mtu aliyefunga akipewa sandwichi baridi ya jibini anaihurumia nafsi yake.

Nyumbani nilikuwa nikifika saa mbili kasoro. Shangazi alikuwa ameshakula.

"Ulitaka nikae na njaa nikutazamie mlango?" alisema siku ya kwanza. "Dini haisemi hivyo." Lakini alipasha chakula moto, chote, hata uji, akakaa upande wa pili wa meza akaniangalia nikila mpaka mwisho. Siku nne alifanya hivyo. Jumamosi, mwezi ulikuwa umeshatangazwa, simu inalia kila dakika kwa watu wa Idi njema, akaiacha ilie.

"Wamepona wazee wako?" aliuliza.

"Wamepona."

"Na yule wa chumba cha nne?"

"Anapata dawa yake hata akihamishwa mara kumi."

"Mwenyezi Mungu amjaalie," alisema, kana kwamba ni mtu, nami sikumsahihisha. Nilimpenda sana usiku ule. Nilitaka kumwambia, nikamwambia viazi vimekolea.

Jumatatu programu ilikwenda kwenye zile nyumba tatu. Ijumaa nilimpeleka shangazi Heathrow, akakalishwa kwenye kiti cha magurudumu, akamwelekeza kijana wa uwanja wa ndege namna ya kukisukuma vizuri, maana na yeye aliwahi kuvisukuma vingi. Alipofika kwenye mlango ambao mimi sikuruhusiwa kupita, aliinua mkono bila kugeuka nyuma. Shingo nayo ilikuwa inamuuma.

Jumatatu iliyofuata niliingiza kazi yangu saa nane na nusu. Majaribio mia saba na zaidi, wazee kumi na wawili safi kila mara, yakaisha kwa dakika nane. Kijani, na safari hii kijani cha kweli. Ramadhani ilikuwa imekwisha, hakuna aliyeningojea, lakini miguu ilikuwa imeshazoea, ikanichukua mpaka stesheni. Saa kumi nilikuwa jikoni kwangu, taa sijaiwasha, jua linamalizikia nyuma ya mapaa. Nikala mkate na siagi, nimesimama.

Simu ya nyumbani ikalia. Alikuwa shangazi, na nyuma yake nilisikia watu wengi wakicheka na sahani zikigongana.

"Umefika mapema leo," alisema.

"Nimewahi, Shangazi. Kazi siku hizi inakwisha haraka."

"Alhamdulillahi. Ndiyo uliyoyataka. Sasa umekula na nani?"

"Nimekula, Shangazi. Nimeshiba."

"Mie sikukuuliza hilo."